Kifaranga Kilichosahauliwa Barafuni

Kwenye Kituo cha Ukingo hakuna kipimo kilichopanda angani bila kwanza kuatamiwa. Hiyo ilikuwa desturi, na watu wa kule waliishika kuliko walivyoishika ratiba ya kuoga. Robo saa kabla ya puto kurushwa, mrushaji alikichukua kile kidude cha ukubwa wa yai la bata, chenye kazi ya kupima joto na unyevu na upepo, akakisokomeza ndani ya koti, ndani ya sweta, mpaka kwenye ngozi ya kifua. Kikae hapo kipate joto la mtu, betri yake isife kwa baridi. Ndiyo maana waliviita vifaranga. Na ndiyo maana Tusa, binti wa miaka sita aliyekuwa Tukuyu kwa bibi yake, hakumaliza ujumbe wowote kwa mama yake bila kuuliza: "Leo umelalia vifaranga vingapi?"

"Vinne," Sekela alimjibu kila siku. "Na vyote vimeruka."

Alikuwa na mwaka mzima kule kaskazini ya mwisho, kwenye tishari la chuma lililogandishwa kwa makusudi mahali ambapo barafu ya bahari inakoma na maji meusi yanaanza. Zilibaki siku tatu. Jumamosi meli ingekuja, na Januari Tusa alikuwa anaingia darasa la kwanza.

Jumatano hiyo, adhuhuri, jua likiwa limejitokeza kidogo tu pembezoni mwa barafu kama mtu anayechungulia msibani asijue aingie au arudi, ujumbe ulifika Sekela akiwa ameshavaa na kusimama jukwaani, kifaranga mkononi, anataka kukiweka kifuani. Alikiweka juu ya kreti. Dakika moja tu, alijiambia. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, ugonile?" Tusa alimsalimu kwa Kinyakyusa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule ya bibi, ndani ya sketi ya bluu inayogusa vifundo vya miguu. "Tazama sketi. Bibi amesema ni ndefu kwa sababu nitakua. Viatu bado, viatu utanichagulia wewe. Halafu siku ile ya kwanza utanishika mkono huu." Akauinua wa kushoto. "Huu mwingine nitashikia begi. Usisahau, huu."

Sekela aliurudia ujumbe huo. Akaurudia tena. Alikuwa akiutazama ule mkono, jinsi vidole vilivyorefuka bila yeye kuwepo, mpaka sauti ikamgutusha.

"Yawa, Mama Tusa!" Ouko alikuwa kwenye winchi, upande wa pili wa jukwaa, barafu imemwota kwenye ndevu. Alikuwa fundi wa kituo, mtu wa Kisumu, na hakuwahi kusema jambo kwa sauti ndogo ikiwa kubwa ilikuwepo. "Puto linakungoja wewe ama linangoja wakwe walete mahari?"

Sekela akakitazama kifaranga. Kilikuwa kimekaa kwenye kreti zaidi ya nusu saa, kimeota unga mweupe mgongoni. Kimekufa, alijisemea. Akaona aibu, na kwa ile aibu hakusema kitu. Alikifuta kwa glavu, akakifunga kwenye kamba chini ya puto, akainua dole gumba.

Puto lilipanda. Mita kumi, ishirini, na hapo ukungu ukalimeza.

Ukungu huo haukuwa wa Mungu peke yake. Mbele ya ukingo wa barafu, kwenye maji, ilielea mitungi mia tatu iliyofungwa minyororo, kila mmoja ukivuta maji ya chumvi na kuyapuliza angani yakiwa laini kuliko vumbi la unga. Yalipopanda yaligeuka wingu zito, la chini, jeupe. Dunia nzima iliita mtambo huo Shuka. Wakati wa kiangazi cha huko, jua lisipozama miezi minne, Shuka ililirudisha jua lilikotoka, na barafu iliyokuwa ikipungua tangu enzi za babu zao ilikuwa imeanza kurudi, mwaka wa tano sasa. Tusa alikuwa na picha yake kwenye daftari la kuchorea.

Kilichobaki kilikuwa swali moja. Baraza la Shuka lilitaka kuiacha mitungi ipulize mwaka mzima, hata miezi ya giza. Kituo kilitakiwa kuthibitisha kwamba haina madhara. Vipimo vya misimu mitatu vilisema haina. Ilibaki ripoti kutiwa sahihi mbili, ya mkuu wa kituo, Dakta Kokushubira, na ya mrushaji, na kukabidhiwa meli.

"Kimeshika!" Ouko aliita akiangalia kioo chake. "Kinasoma vizuri kabisa."

Sekela hakuamini. Kifaranga kilikuwa hai.

*

Baada ya kula aliifungua kompyuta ili amkague mgonjwa wake. Mchoro ulitokea kama ulivyotokea kila siku: mstari wa joto unaoanzia mita thelathini na kupanda hadi mia tatu. Hewa baridi, inapoa zaidi juu ya wingu. Ripoti nzuri.

Chini ya mita thelathini mashine haikuchora. Haikuwahi kuchora. Mtu yeyote aliyefika kituoni alielezwa sababu siku ya kwanza: kifaranga kinatoka kifuani kikiwa na joto la mwili, kinahitaji mita thelathini ili kulisahau, kwa hiyo mita hizo ni uongo na tunazitupa. Nguzo ya vipimo iliyokuwa juu ya paa nayo walikuwa wameiacha zamani, kwa kuwa ilisimama juu ya jiko na ilichopima zaidi ni maharage.

Lakini kifaranga cha leo hakikuwa na joto la mtu la kusahau.

Alizifungua tarakimu mbichi, zile ambazo mashine huzihifadhi bila kuzionyesha. Mita moja juu ya barafu: nyuzi tatu chini ya sifuri. Mita kumi: nyuzi nne. Mita ishirini na tano: tisa. Mita arobaini: kumi na nne.

Alizisoma kwa kidole, kama alivyosoma vitabu vya masomo ya jioni kule Mbeya, Tusa akiwa amelala mgongoni kwa kanga na mwalimu akimwambia asiogope kurudia mstari. Alirudia mstari. Nyuzi tatu. Mwezi wa kumi, mahali ambapo mate yangepaswa kuganda kabla hayajafika chini, barafu ilikuwa imekaa ndani ya hewa vuguvugu, kama mgonjwa aliyefunikwa mablanketi na watu wanaompenda.

"Kifaranga kibovu," alisema kwa sauti. Alitaka kiwe kibovu.

Mbwa wakabweka nje.

Alikuwa Aviaja, mwanamke wa kijiji cha ng'ambo ya ghuba, aliyekuja kila Jumatano na sleji iliyovutwa na mbwa kumi, akiwaletea samaki na kuchukua dawa za kijiji zilizoshushwa na meli. Umri wake na wa Sekela ulikuwa mmoja. Hawakuwa na lugha ya pamoja, ila kwenye kola ya koti la Aviaja kilining'inia kile kifaa cha kufasiri walichokiita Kasuku, na Kasuku alikuwa amefundishwa Kiswahili na mtu wa taarifa ya habari.

Aviaja alitupa samaki sakafuni, akasema maneno mengi kwa hasira. Kasuku akatulia, kisha akatangaza kwa sauti nzito: "Mheshimiwa Sekela. Barafu yenu imelewa."

Ouko aliangua kicheko hadi akashika meza. "Hata mimi ningelewa hapa, shemeji, kama kungekuwa na duka."

Aviaja hakucheka. Alitoka akarudi na mtaimbo wake, fimbo ya chuma ndefu kuliko yeye, aliyoitumia kuipima njia mbele ya mbwa. Akaugonga sakafuni mara saba, akihesabu. "Mwaka juzi," Kasuku alisema. "Mapigo saba, ndipo mtaimbo ulipotoboa." Akagonga mara tatu. "Leo. Na theluji inanata kwenye miguu ya mbwa kama uji. Mwezi ujao watoto wetu wanaanza kuvuka ghuba kwenda shule. Wangu wawili. Ninauliza nyinyi mnaopima hewa: hewa inasema nini?"

Ouko akamtazama Sekela. Kazi ya kujibu ilikuwa yake.

"Hewa inasema ni baridi," Sekela alijibu, kwa kuwa ndivyo ripoti ilivyosema. Kasuku akafasiri.

Aviaja alimsogelea. Kisha akavua glavu, akaweka kiganja chake kwenye shavu la Sekela, kwa upole, kama unavyompima mtoto homa. Kilikuwa na joto. Alibeba dawa zake akaenda.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kuosha midomo ya mitungi. Ouko aliizima saa mbili asubuhi, na kufikia mchana wingu lilikuwa limefumuka, anga likabaki tupu, la zambarau.

"Kaka Ouko," Sekela alisema, "leo nataka kurusha viwili. Kimoja cha kuatamia, kimoja nikiache nje."

"Ukikiacha nje kitakufa. Dakta atakula nyama yako bila chumvi."

"Cha jana nilikisahau nje."

Ouko aliacha kufunga kamba. "Ulifanya nini?"

"Nilikisahau. Nilikuwa namwangalia Tusa."

Alidhani atatukanwa. Ouko alikuna ndevu, barafu ikamdondoka. "Hizi betri ni mpya, unajua," alisema polepole. "Zilikuja na meli ya mwaka jana. Zile za zamani ndizo zilikuwa zinakufa. Mimi mwenyewe nilizibadilisha, na hakuna mtu aliyefikiri..." Akairudia kamba. "Weka nje. Weka hata vitatu."

Walirusha mchana bila wingu. Wakarusha tena jioni, mitungi ikiwa imewashwa na Shuka imetandazwa. Ijumaa asubuhi wakarusha mara ya tatu. Vifaranga vilivyotoka kifuani vilianza na joto la mwili, vikashuka kwa mstari mmoja mrefu uliofunika kila kitu, na ukivitazama hivyo peke yake ungekubali kabisa kuzitupa zile mita thelathini. Vile vya baridi vilisema mambo mawili tu. Wingu likiwa halipo, barafu inapumua joto lake juu kwenye anga na kukaza: nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Wingu likiwepo, joto linagonga dari na kurudi: nyuzi tatu, nyuzi nne. Wakati wa jua Shuka ilikuwa mwavuli. Jua likiondoka, mwavuli ule ule ulikuwa blanketi.

Na blanketi lilikuwa limekaa chini ya mita thelathini, mahali pasipotazamwa na mtu.

"Mama Tusa," Ouko alisema. Safari hii alisema kwa sauti ndogo. "Hii tukiisema, hatuendi nyumbani. Unajua?"

Alijua. Ripoti isiyokamilika hurudiwa. Kurudia ni kurusha msimu mzima wa giza, na baada ya Jumamosi meli nyingine ingekuja Aprili.

*

Dakta Kokushubira alikuwa jikoni akimenya viazi, kwa sababu Ijumaa ilikuwa zamu yake na hakutaka cheo chake kimwondolee zamu. Alikuwa mtu wa Bukoba, wa miaka hamsini na minane, na miaka kumi na moja kati ya hiyo aliitumia hapa ukingoni.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Shika kisu."

Sekela hakushika kisu. Aliweka karatasi mezani, kando ya maganda, akaeleza yote, tangu kreti. Hakujisitiri. Dakta Koku alisikiliza akimenya, kisha akasikiliza bila kumenya. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma tarakimu mara mbili. Sekela aliona kidole chake kikirudia mstari.

"Cha kwanza kabisa nilikiatamia mimi," Dakta Koku alisema hatimaye. "Vilikuwa vinakufa kabla havijafika juu ya paa. Wazungu tuliokuwa nao walivifunga kwa sufi, kwa pamba, vikafa. Nikakumbuka mama yangu alivyokuwa akibeba vifaranga vilivyonyeshewa, hapa." Akajigusa kifua. "Nikakiweka. Kikaishi. Walishangilia kama nimezaa. Na jioni ile nikaiambia mashine: futa mita thelathini za chini, zina joto langu." Akavua miwani. "Kwa mkono huu."

"Dakta, wakati ule ulikuwa sahihi."

"Nilikuwa sahihi mwaka ule. Kosa ni miaka iliyofuata." Akasogeza bakuli. "Hujakosea, Sekela. Ningefurahi sana kama ungekuwa umekosea."

Chungu kilianza kuchemka, hakuna aliyekifunua.

"Sasa nisikilize," Dakta Koku alisema. "Kuna watu wamengoja miaka mitano sisi tuseme neno 'kosa'. Hawataki Shuka, hawajawahi kuitaka. Ukiwapa neno hilo hawatauliza ni la kiangazi au la giza. Watazima yote. Na ya kiangazi inaponya, hilo unalijua. Visiwa vizima vinalala usingizi kwa sababu yake." Akaegemea mbele. "Tutie sahihi kesho. Wewe panda meli, nenda ukamshike mtoto mkono. Mimi nabaki, nirushe peke yangu, nikusanye ushahidi wa kutosha usio na pa kung'atwa. Aprili nitauandika kwa jina langu. Aibu iwe yangu."

Ilikuwa njia laini, na aliyeitengeneza alikuwa anampenda. Hilo ndilo lililomchoma Sekela. Aliuona mkono wa kushoto wa Tusa, umeinuliwa sebuleni, unangoja. Alijiona kwenye lango la shule asubuhi ya ukungu wa Tukuyu, watoto wamebeba mabegi makubwa kuliko migongo yao. Angeweza kuwa pale. Ilikuwa sahihi moja tu.

"Na kati ya kesho na Aprili," aliuliza, "mitungi itakuwa inapuliza?"

Dakta Koku aliyasogeza maganda. "Ripoti itakuwa imeruhusu."

"Watoto wa Aviaja wanavuka Novemba."

"Tutawaambia wasivuke."

"Tutawaambia kwa kipimo gani, Dakta? Mimi mwenyewe juzi nimemwambia hewa ni baridi. Alinishika shavu hapa. Alijua nasema nisichokijua, akanionea huruma." Aliushusha mkono kutoka shavuni. "Tusa siku hiyo atashikwa mkono na bibi yake. Atalia kidogo, halafu atacheza. Lakini hawa barafu ikiwafungukia katikati ya ghuba, nani yupo pale wa kuwashika?"

Aliichukua kalamu iliyokuwa kwenye kopo la vijiko, akaiweka juu ya karatasi, mbele ya mkubwa wake.

"Siwezi kutia sahihi ile ya kwanza. Hii hapa naweza. Tuandike kwamba ya kiangazi ni njema na ya giza ina madhara, tuandike na kosa lilivyotokea, kifuani na yote. Wakizima kila kitu watakuwa wamezima wao. Naamini wapo watakaosoma mpaka mwisho."

"Unaamini," Dakta Koku alirudia, kama mtu anayelionja neno aliloacha kulitumia siku nyingi.

Alisimama, akafunua chungu, akapunguza moto. Kisha akavaa koti lake kuukuu na kutoka. Kupitia dirishani Sekela alimwona akienda kwenye sanduku jukwaani, anatoa kifaranga. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye zipu ya koti. Miaka kumi na moja ya mazoea. Ukasimama hapo. Halafu mama yule mtu mzima akavua glavu, akakishika kifaranga kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili, akasimama nacho kwenye upepo kama amebeba yai la mtu mwingine.

Ouko aliyekuwa kwenye winchi alimtazama, akamtazama Sekela dirishani, akainua mabega. Kisha akaenda kutafuta mbao. Kufikia jioni alikuwa ametundika nje ya ukuta kiota cha matundu nane, upande usiofikiwa na joto la jiko, na ameandika juu yake kwa rangi: HAPA HAKUNA KUPENDELEANA.

"Mmenifungia kwenye friji miezi sita na wanawake wawili wenye msimamo," alisema mezani. "Angalau pitisheni pilipili."

*

Ujumbe kwa Tusa aliurekodi mara nne. Mara tatu za kwanza alianza na kazi, na Shuka, na barafu. Mara ya nne alianza mahali pake.

"Tusa, mwanangu. Mama alikuahidi Januari, na Januari hatakuwepo. Si meli iliyoharibika, wala si mtu aliyemkataza. Mama amechagua. Huku kuna watoto wanaopita juu ya barafu kwenda shule, na tulipima vibaya, tukadhani ni ngumu. Inabidi tupime upya. Vifaranga hatuvilalii tena, tunaviacha nje kwenye baridi, kwa sababu kikipata joto langu kinakuja kuniambia habari zangu badala ya habari za hewa. Unaweza kunikasirikia. Ukimaliza kunikasirikia, niambie."

Jibu halikuja siku ile. Wala ya pili. Jumamosi meli ilikuja na kuondoka, ikiwa imebeba ripoti yenye sahihi mbili na kurasa tatu ambazo hakuna aliyeziagiza, na Sekela alisimama jukwaani mpaka mlio wa honi ulipokwisha. Siku ya nne bibi alituma maneno mawili: "Amekasirika. Anakula." Sekela aliyasoma akacheka na kulia pamoja, kwa kuwa alijua hilo neno la pili mama yake aliliweka kwa ajili yake.

Novemba Aviaja alikuja kwa mzunguko mrefu wa nchi kavu, mwendo wa saa tano badala ya saa moja; kwa onyo la kituo, watoto wa kijiji walikuwa wamezuiwa kuvuka ghuba. Baraza lilikuwa bado linabishana, na wapo waliodai kila kitu kizimwe, kama Dakta Koku alivyosema. Lakini walikuwepo pia waliosoma mpaka mwisho. Tarehe tisa Desemba amri ilifika: mitungi ikae kimya miezi yote ya giza, mpaka vipimo vya Aprili vitakapotoka. Ya kiangazi ingejadiliwa baadaye. Ouko aliizima mmoja mmoja, akiiaga kwa majina aliyoipa yeye mwenyewe. Anga likafunguka. Baridi ilishuka kama deni la zamani. Wiki tatu baadaye Aviaja aligonga mtaimbo mbele ya kituo huku Sekela akihesabu naye, na pigo la sita ndilo lililotoboa.

"Mheshimiwa Sekela," Kasuku alitangaza, "barafu imeanza kupata fahamu."

*

Siku ya kwanza ya shule ilimkuta Sekela jukwaani saa sita mchana, mchana usio na jua hata kidogo, taa ya kofia ikimwangazia mikono. Alikuwa anachukua kifaranga kwenye kiota. Simu ililia. Safari hii alikifunga kifaranga kwanza, akampa Ouko ishara, akaliacha puto lipande, ndipo akafungua.

Ulikuwa ujumbe wa bibi, umechukuliwa kwenye lango la shule. Ukungu wa Tukuyu, mzito, wenye manyunyu. Katikati yake Tusa, sketi imekunjwa kiunoni mara mbili, begi mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya mkono wa bibi. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na sweta lake la shule, jipya, lilikuwa limening'inia begani kwa bibi.

"Mvalishe basi, mama, ataumwa," Sekela alisema kwa simu isiyomsikia.

"Mama, ugonile," Tusa alisema. Meno yaligongana. "Nilikukasirikia mpaka Krismasi. Sasa nimemaliza. Bibi ananilazimisha sweta, nimemwambia bado, nikivaa nitakwambia habari za sweta. Nimekaa nje tangu kwenye mti wa parachichi mpaka hapa. Haya, andika. Ukungu upo, siuoni mnara wa kanisa. Upepo kidogo. Baridi ni ya kutetemesha meno lakini pua bado naisikia." Akafikiri. "Basi. Bibi, nipe sasa."

Akavalishwa sweta. Kichwa kilipotokeza juu ya shingo ya sweta kilikuwa kinacheka, na alikimbia kuingia langoni bila kugeuka.

Sekela alilivuta daftari la vipimo kutoka mfukoni. Wino uligoma, akaupasha kwa pumzi. Chini ya safu ya saa sita, kabla ya tarakimu za puto, aliandika kwa mwandiko ule ule wa kazi: Tukuyu. Ukungu, upepo hafifu, mnara hauonekani. Kimo cha kipimo, mita moja na kidogo. Hakikuatamiwa.

Kisha akaweka sahihi.